Televisheni ya Chogo: Picha Ikikatika au Ikilala Upande

Mwezi uliopita nilimtembelea mtoto wa ndugu yangu anayeishi Industrial Area, Doha, katika ile mitaa ya nambari iliyojaa magereji na mabweni ya wafanyakazi. "Shikamoo Ami, afadhali umekuja," akaniambia. Alikuwa amenunua televisheni ya chogo iliyokwishatumika, kwa sababu moja tu: ana kanda ya video ya harusi ya dada yake, Unguja, na ndani yake yumo marehemu mama yao. Mama amesimama pembeni kabisa, na televisheni ilimkata nusu ya uso. Juu ya hayo, picha ilikuwa imelala upande kama dau lililopwewa.

Kijana keshafungua parafujo mbili za nyuma. Nikamwambia aweke bisibisi chini.

Mimi si fundi, nilikuwa karani. Lakini skuli ya misheni ilitufundisha habari za sumaku na umeme, na ukarani ulinifunza kufuata utaratibu. Jambo la kwanza ni hili: ndani ya televisheni ya rangi ya aina hii kuna umeme wa volti 20,000 na zaidi, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Unaua. Mfuniko wa nyuma ni wa fundi peke yake.

Pili, tujue kwa nini picha hukatika. Picha huchorwa kwa miale inayopiga kioo kutoka nyuma, mstari baada ya mstari, jumla mistari 625 katika mfumo wa PAL uliotumika Qatar, Oman na kwetu Afrika Mashariki. Miale hiyo huongozwa na sumaku za umeme. Umeme ukipungua, au vipuri vikizeeka, picha husinyaa. Ndiyo maana watengenezaji waliifanya picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo, ili ukingo mweusi usionekane. Kwa hiyo kukatwa kidogo pembeni si ugonjwa, bali kukatwa sana ndiko kwenye dawa.

Fuata hatua hizi, moja moja:

1. Tafuta kwenye rimoti sehemu ya ukubwa wa picha. Ikiwa imewekwa kwenye "zoom", irudishe kwenye 4:3, ndicho kipimo cha kioo chenyewe.

2. Ukitumia kisimbuzi cha dishi na watu wakaonekana warefu na wembamba, kasoro iko kwenye kisimbuzi. Kiambie kuwa televisheni yako ni ya 4:3.

3. Picha ikilala, ondoa spika zilizo karibu, kisha igeuze televisheni itazame upande mwingine wa chumba. Sumaku ya dunia nayo huvuta miale, na nguvu yake kwa Doha, kaskazini ya ikweta, si sawa na kwa Unguja, kusini yake. Baadhi ya televisheni kubwa zina sehemu ya kunyoosha picha kwenye menyu.

4. Kukiwa na madoa ya rangi, izime kwa nusu saa kisha iwashe. Nyingi zina waya ndani unaofuta usumaku kila inapowashwa ikiwa imepoa.

5. Zile za zamani zaidi zina vifundo nje, nyuma, vya urefu wa picha. Weka alama ya penseli pale kifundo kilipo, ndipo ukizungushe kidogo kidogo.

6. Picha ikibanwa juu au ikijikunja chini, huenda kapasita imechoka. Hapo muite fundi.

Kipimo chako kiwe kitu cha mviringo, kama saa ya ukutani au sahani. Ikionekana kama yai, bado hujamaliza.

Yetu ilikuwa kwenye "zoom". Tulipoirudisha, na kuihamishia ukuta wa pili, picha ilisimama na uso wa mama ukaingia wote. Bega na ukingo wa kanga vilibaki nje.

Nikamweleza kijana kuwa hata bega lile halikupotea. Kilichofichwa na kioo kimo kwenye kanda. Lakini kanda nayo huzeeka, basi aipeleke ikahamishiwe kwenye kompyuta mapema, na huko atamuona mama yake mzima.