Nyonga za Mama Yake

Msomaji wa Kihonda, Morogoro, anataka mtoto wa German Shepherd. Amepata wazalishaji wawili na anauliza amwamini yupi. Chanjo, dawa ya minyoo, rangi na masikio, hayo daktari yeyote wa mifugo atamweleza. Mimi nataka tuzungumze nyonga.

Watoto hawa huzaliwa na nyonga nzima, na hilo hunishangaza kila nikilisoma. Kichwa cha mfupa wa paja kimekaa sawasawa ndani ya kikombe chake, na vyote viwili bado ni gegedu laini. Kuanzia hapo vinafinyangana. Chukua udongo mbichi, uubonyeze kwa ngumi. Ngumi ikitulia, udongo unashika umbo lake: shimo lenye kina na kingo zilizosimama. Ngumi ikichezacheza, kingo zinalala na shimo linatanuka. Sasa ngumi yenyewe nayo iwe ya udongo, kila mtikisiko uibapishe, na tanuri liwe linasubiri! Mwaka ukikaribia kwisha gegedu limeshakuwa mfupa, na umbo lililopatikana ndilo la maisha. Hali ya mwanzo ya kiungo kinachochezacheza naiita nyonga legevu, wala si nyonga mbovu, kwa kuwa bado hakuna kilichoharibika. Kano zinazoshika kiungo ndizo zimelegea.

Mbwa mkubwa huwahi uzito. Aliyezaliwa na nusu kilo hukaribia kilo 30 kabla ya mwaka, na mzigo wote unatua kwenye udongo usiokauka. Baadaye, kama nyonga zilikauka vibaya, ukipanda naye mlima kuelekea Morningside, utamwona akirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja.

Ulegevu hurithiwa, ingawa jeni ni nyingi na wazazi wazima huweza kuzaa mwenye tatizo. Basi omba picha za eksirei za nyonga za mama na baba. Taasisi ya OFA ya Marekani, iliyoanza 1966, haitoi cheti cha nyonga mpaka mbwa atimize miezi 24. Anayezalisha jike la mwaka mmoja hajui anauza nini. Asiye na picha, mwambie mkaulizie kipimo hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha SUA. Akikataa, nenda kwa yule wa pili.

Muulize pia anavyowalisha. Katika utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa Marekani mwaka 2002, waliopunguziwa chakula kwa robo tangu utotoni waliishi karibu miaka 2 zaidi kuliko ndugu zao, na nyonga zao zilichelewa kuharibika. Mtoto wa wiki nane aliyenona hata mbavu hazipapasiki, mwache hapohapo, hata bei ikishushwa.