Kwa nini dawa ya jana haiponyi leo?



Katika dispanseri tunaulizwa mara kwa mara: "Mganga, dawa hii ilikuwa inaniponya zamani. Sasa namaliza vidonge vyote na homa iko palepale. Je, ni dawa ya uongo?" Swali ni zuri. Kweli dawa za uongo zipo sokoni, na dawa nzuri nayo huharibika ikikaa juani kwenye meza ya mchuuzi. Lakini mara nyingi dawa ni nzima, na damu yako haikubadilika. Vilivyobadilika ni vidudu. Leo ukurasa wetu unaeleza jinsi vidudu vinavyokuwa sugu mbele ya dawa za hospitali, hata mbele ya dawa za kusafishia nyumba, na jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kufanya.

VIDUDU GANI?

Tunasema hapa juu ya bakteria, vidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona bila mikroskopi. Vingi vinakaa tumboni, mdomoni na juu ya ngozi bila kutudhuru. Vingine vinaleta tifoide, kipindupindu, kifua kikuu, kidonda chenye usaha, na homa ya mapafu.

Dawa zinazopigana na bakteria zinaitwa antibiotiki: penisilini, amoksisilini, tetrasiklini, siprofloksasini na nyingine. Shika vizuri neno hili: antibiotiki haiui virusi. Mafua ni virusi, surua ni virusi, Ebola ni virusi. Na malaria ina dawa zake. Mtu anayemeza amoksisilini kwa sababu ya mafua anapoteza franka zake bure, na tena anaviamsha vidudu vingine ambavyo vilikuwa vimelala kwa amani ndani ya tumbo lake.

HESABU YA ZAMU MOJA

Kidudu kimoja hugawanyika, vinakuwa viwili; viwili vinakuwa vinne. Bakteria ya matumbo iitwayo kolibasili, ikipata joto na chakula cha kutosha, inaweza kugawanyika kila dakika 20. Tufanye hesabu. Baada ya saa moja, kimoja kimekuwa 8. Baada ya saa mbili, 64. Mfanyakazi akimaliza zamu yake ya saa nane, kile kidudu kimoja kimezaa zaidi ya milioni 16.

Katika kuzaana kwa haraka namna hiyo, makosa hutokea. Mara moja moja huzaliwa kidudu kisichofanana na wenzake. Mara nyingi kosa hilo halimfai kitu. Lakini siku nyingine kosa lenyewe ndilo linalomkinga na dawa. Hakujifunza wala hakuwa na akili, alizaliwa hivyo tu. Dawa ikiingia mwilini, wenzake wote wanakufa, yeye anabaki peke yake na nafasi yote na chakula chote. Zamu nyingine ikipita, watoto wake wamejaa.

Ni kama mkulima anayelima shamba la maharage akang'oa majani laini tu na kuacha yale yenye mizizi mirefu. Mvua ikinyesha, shamba litajaa nini?

SILAHA ZA KIDUDU SUGU

Vidudu sugu vina njia nne kubwa za kushinda dawa.

Ya kwanza: vinatengeneza kitu kama mkasi kinachokata dawa kabla haijafanya kazi. Hivyo ndivyo vingi vinavyoshinda penisilini na amoksisilini.

Ya pili: vina pampu. Dawa ikiingia, inatupwa nje, kama vile sisi tunavyopampu maji kutoka shimo la mgodi.

Ya tatu: vinabadilisha kufuli. Antibiotiki nyingi ni kama ufunguo wa kufuli moja ndani ya kidudu. Kufuli ikibadilika kidogo, ufunguo hauingii tena.

Ya nne: vinafunga milango midogo ambayo dawa hupitia.

Na kuna jambo baya zaidi. Kidudu kimoja kinaweza kumgawia jirani yake silaha hizo, hata jirani wa kabila lingine. Kidudu kisicho na ubaya ndani ya tumbo lako kinaweza kumpa silaha kidudu cha ugonjwa kinachopita hapo. Ndiyo maana kumeza antibiotiki bila sababu si jambo la mtu mmoja. Vidudu vinatoka kwako vinaenda kwa mtoto, kwa jirani wa kampi, na kwa mwenzako mnayekunywa naye kwa kikombe kimoja.

KAPSULA 6 MAHALI PA 15

Tuchukue mfano. Mganga ameandika kapsula moja mara tatu kwa siku, siku tano. Jumla ni kapsula 15. Baba anafika kwenye meza ya dawa, mfuko si mzito, ananunua 6. Hizo ni za siku mbili. Siku ya pili homa inashuka, anasema: "Nimepona." Kapsula mbili zimebaki, anaziweka juu ya kabati. Mwezi unaofuata mtoto anaharisha, mama anafungua kapsula moja na kumpa nusu ya unga wake.

Hesabu makosa. Baba amevipiga vidudu bila kuvimaliza. Mtoto amepewa dawa ambayo huenda si ya ugonjwa wake, kwa kipimo ambacho hakikuandikwa na mtu. Kuhara kwa watoto wengi kunaletwa na virusi. Linalomwokoa mtoto ni maji ya chumvi na sukari ya ORS, pamoja na zinki. Na wote wawili wamevipa vidudu sugu nafasi ya kuzaana.

Jambo hili halikuanza leo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Katika hotuba yake ya Desemba mwaka huo alionya kwamba mtu anayejitibu kwa kipimo kidogo atavizoesha vidudu dawa, kisha atamwambukiza mwingine vidudu vilivyokwisha kuwa sugu. Onyo hilo halikusikiwa vya kutosha. Mwaka 2019 watu karibu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa ajili ya bakteria sugu.

TIFOIDE KATIKA NCHI YETU

Tifoide hukaa ndani ya binadamu na hupita kwa maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Butembo na Beni, ambako familia nyingi huchota maji ya chemchemi na ya mito, tunaijua.

Tangu mwisho wa Septemba 2004 hadi Januari 2005, Kinshasa ilihesabu wagonjwa wa tifoide zaidi ya 42,000. Waliokufa walikuwa 214, na karibu watu 700 walitoboka matumbo au kuoza ndani ya tumbo. Huo ndio ubaya wa tifoide isiyotibiwa sawasawa: utumbo unatoboka, na hapo ni kisu cha daktari tu.

Baadaye watafiti walipima vidudu vya tifoide vilivyokusanywa katika mikoa mingi ya Kongo kati ya 2007 na 2011. Karibu vitatu katika kila kumi vilishinda dawa tatu za zamani kwa pamoja: ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli. Vingine vilikuwa vimeanza kuizoea hata siprofloksasini, dawa ile ambayo leo wengi wanainunua kama karanga.

Dawa ya kwanza ikishindwa, kuna nyingine. Lakini mara nyingi ni sindano, ni kulala hospitalini, ni bei mara nyingi zaidi. Na siku ambayo barabara ya Beni haipitiki kwa sababu ya vita, mgonjwa ataipata wapi?

KIKOHOZI CHA MGODINI

Sisi watu wa mgodi tunavuta vumbi la mawe, na vumbi hilo hudhoofisha mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Kikohozi kinachopita wiki mbili si cha kununulia kapsula sokoni. Njoo upimwe makohozi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita: dawa nne pamoja kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Zinatolewa pamoja ili kidudu kinachoponyoka dawa moja kiuawe na nyingine. Anayeacha mwezi wa tatu kwa kuwa amenenepa na amerudi kazini anaweza kupata kifua kikuu sugu, na kukitia katika mapafu ya timu yote. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Kapita anayemwona mtu wake akikohoa hivyo amtume dispanseri.

JE, VIDUDU VINAZOEA JAVEL?

Kila mtu wa Butembo na Beni anakumbuka harufu ya klorini. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Uliwakamata watu 3,470, na 2,287 walikufa. Mwaka 2021 ulirudi tena Butembo, kisha Beni. Ndoo yenye robine ilikuwa kwenye mlango wa kanisa, shule, soko na vizuizi vya barabara. Tangu hapo watu wanauliza: kwa kunawa namna ile, je, vidudu havijazoea klorini?

Jibu: antibiotiki ni ufunguo wa kufuli moja, lakini klorini ni kama moto unaochoma nyumba pande zote, ukuta, paa na vyombo vya ndani. Kidudu kubadilisha kufuli moja hakumsaidii. Klorini iliyochanganywa vizuri ni vigumu sana kuizoea. Lakini inashindwa kwa makosa yetu matatu.

Kosa la kwanza ni klorini ya nusu. Jua na siku zinaimaliza nguvu. Maji ya klorini ya juzi ni maji ya harufu tu. Changanya mapya kila siku na uyafunike.

Kosa la pili ni kumwaga javel juu ya uchafu. Matope, damu na mafuta hula klorini kabla haijafika kwenye vidudu. Osha kwanza kwa sabuni, ndipo utie javel.

Kosa la tatu ni utelezi. Ndani ya bidoni ya maji, vidudu hujenga ute unaoshika ukutani, na chini ya ute huo vinajificha kama watu ndani ya handaki. Sugua bidoni kwa brashi na sabuni mpaka utelezi utoke, suuza, kisha tia klorini.

Kipimo: ikiwa chupa ya javel imeandikwa asilimia 5, changanya kikombe 1 cha javel na vikombe 9 vya maji kwa kusafisha mahali pa matapishi au damu, acha dakika 10. Mchanganyiko huo si wa kunywa wala wa kunawia mikono. Usiichanganye kamwe javel na asidi wala dawa nyingine ya choo: hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua.

Kuna dawa nyingine za kusafishia ambazo vidudu huweza kuzizoea, hasa zikitiwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Ile pampu inayotupa antibiotiki nje huweza kutupa na dawa hizo. Kuna vidudu vilivyokutwa vikiishi ndani ya chupa yenyewe ya dawa ya kusafishia vidonda, iliyozimuliwa na kuongezwa juu ya mabaki. Mwezi wa Septemba 2016 serikali ya Marekani ilikataza triklosani na kemikali nyingine 18 katika sabuni za kunawia za nyumbani, kwa kuwa viwanda havikuweza kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida. Basi mama, usijisumbue kwa sabuni ya bei kubwa inayojisifu kuua vidudu. Kipande cha sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka vinaondoa vidudu mikononi, navyo haviwezi kuzoea kuondolewa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usinunue antibiotiki bila karatasi ya mganga. Mganga akisema haifai, usimlazimishe.

2. Meza kipimo kilichoandikwa, kwa saa zake, siku zote zilizoandikwa. Usipunguze, usiongeze. Kama franka hazitoshi, sema palepale. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu.

3. Usiweke mabaki, usimgawie jirani. Homa zinafanana, magonjwa hayafanani.

4. Ukikatwa na jiwe au chuma, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, fika dispanseri siku ileile kwa ajili ya pepopunda. Usimwagie unga wa kapsula.

5. Usiwape kuku na mbuzi tetrasiklini ya watu. Vidudu vyao vinarudi kwetu.

6. Chemsha maji au yatie klorini, nawa mikono kabla ya kula na baada ya choo, chanjisha watoto. Ugonjwa usioingia nyumbani hauhitaji dawa yoyote.

Antibiotiki ni mali ya wote, kama chemchemi ya kartie. Mmoja akiichafua, wote wanakunywa maji machafu. Karatasi ya mganga ikisema kapsula 15, zihesabu mbele ya muuzaji: ziwe 15.