Rili ya Bei Poa, Samaki wa Nguvu: Usiingizwe Mjini na Mng'aro!

Wiki hii tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Leo naongelea kitu kilichonitoa jasho, kikamtoa binamu yangu machozi, na kidogo tu kingemtoa roho. Naongelea kuvua. Ndiyo, kuvua samaki! Usicheke kwanza.

Wengi mnajua kwamba sisi wa Kibosho habari zetu ni kahawa, ndizi na mbege. Bibi yangu mpaka leo akisikia harufu ya samaki jikoni anakunja uso kama kalamba ndimu. Lakini cha ajabu, maji yanayopita chini ya vihamba vyetu, ya Umbwe, Karanga na Weruweru, yanateremka mpaka Kikuletwa, na Kikuletwa inamwaga yote kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na kuzuia mafuriko, na mtambo wake unatoa megawati 8. Kwa hiyo tusidanganyane: kambale na perege unaowaona sokoni Moshi wengi wamekunywa maji ya kwetu.

ILIVYOKUWA

Binamu yangu, ambaye hapa nitamwita Meku ili asije akanipiga, alikuwa na mchongo. Wakati wa Krismasi Wachaga wote wanarudi nyumbani na mifuko imenona. Meku akaona atavua kambale wakubwa, auze kwa watu waliochoka na nyama ya mbuzi, apate mtaji wa banda la kuku. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya mkopo wa kikundi. Rejesho la kwanza lilikuwa Januari.

Akaenda duka moja la mjini, akatoka na rili inayong'aa kama pete ya uchumba. Rangi ya dhahabu, boksi lina picha ya samaki anaruka, na maandishi kwamba ndani kuna beringi 13. Uzi alipewa wa bure, umeshazungushwa. Meku akasema, "Kaka, hii ndiyo yenyewe!" Mimi nami, kwa ujinga wangu, nikaitikia, "Bomba!"

Usiku wa kwanza pale bwawani, mnamo saa tatu, samaki akavuta. Si mchezo! Fimbo ikapinda kama upinde. Meku akaanza kuzungusha mkono wa rili, tukasikia "krrr, tak!" Gia za ndani zikawa zimekatika meno. Rili haizunguki mbele wala nyuma. Kambale akajichimbia kwenye matete na uzi ukakwama. Hapo ndipo lilipotaka kutokea la kutokea. Meku akavua shati, akavua viatu, akaanza kuingia majini gizani afuate samaki wake na mkopo wake.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa jirani yetu akamdaka mkono. Akamwambia taratibu, "Mwanangu, humu kuna mamba. Samaki yupo kesho pia. Kata uzi." Meku akalia kama mtoto, lakini akakata.

Mpenzi msomaji, toka siku hiyo nikajiuliza: hivi mtu asiye na hela nyingi anachaguaje vifaa ambavyo havitamwaibisha? Nimewauliza wavuvi, nimefungua rili mbovu tatu kwa bisibisi, na haya ndiyo niliyoyapata.

RILI NI NINI HASA?

Kama umewahi kuona mama akishona cherehani, basi rili unaijua. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja wa mji wa Bradford, Alfred Illingworth, mtu wa biashara ya viwanda vya nyuzi, ndiye aliyepata hati ya ubunifu wa rili ambayo uzi unachomoka kwa mbele huku kibiringo kimetulia. Ni jinsi ileile uzi unavyochomoka kwenye rili la cherehani ukivutwa kutoka juu. Rili nyingi za bei nafuu unazoziona leo ni wajukuu wa hiyo.

Aina ya pili ni ile ambayo kibiringo chenyewe kinazunguka uzi unapotoka. Hii ina nguvu sana kwa samaki wazito, lakini kwa anayeanza ni balaa. Ukirusha vibaya, kibiringo kinakimbia kuliko uzi, unapata kiota cha ndege mkononi. Ushauri wangu kwa mwenye hela ya mawazo: anza na ile ya kwanza.

VITU VITANO VYA KUANGALIA DUKANI

Kwanza, usihesabu beringi. Beringi 13 za takataka hazifikii 3 za maana. Muuzaji akianza kukutajia idadi ya beringi, wewe tabasamu tu.

Pili, zungusha mkono polepole huku umefumba macho. Ukisikia mikwaruzo kama mchanga kwenye meno, rudisha. Utikise kushoto na kulia. Ukicheza sana kama jino la mtoto wa miaka sita, rudisha.

Tatu, angalia uzito na mwili. Rili ya plastiki tupu inajikunja samaki mzito akivuta, gia zinaachana, mwisho wake ni ule wa Meku. Kibiringo kiwe cha bati gumu la alumini, na ule waya unaofungua na kufunga uzi uwe mnene, urudi mahali pake wenyewe kwa nguvu.

Nne, jaribu breki. Kile kitufe cha kuzungusha mbele au nyuma ya rili ndicho breki. Kazi yake ni kumwachia samaki uzi kidogokidogo akivuta sana, badala ya uzi kukatika. Ikaze kiasi, vuta uzi kwa mkono. Unatakiwa utoke kwa ulaini, bila kushtuka-shtuka. Breki inayoshtuka ndiyo inayokata uzi.

Tano, saizi. Kwa kambale wakubwa tafuta iliyoandikwa 4000 mpaka 6000. Ya 1000 au 2000 ni ya perege na wa kuchezea. Hata ingekuwa ya bei chee namna gani, haina nafasi ya uzi mnene wa kutosha.

Na mtumba? Usidharau! Pale Memorial na Kiboriloni tunanunua jinzi za mtumba zinadumu kuliko mpya, na vifaa vya uvuvi ni hivyohivyo. Rili ya zamani yenye mwili wa chuma, hata kama rangi imechubuka, mara nyingi inaishinda mpya inayong'aa. Ifungue, ifute mchanga, weka grisi kidogo kwenye gia na tone la mafuta ya cherehani kwenye mkono. Ila kama gia imeliwa meno, achana nayo. Spea yake utaitafuta mpaka uote mvi.

UZI NDIO ROHO

Hapa ndipo vijana wengi wanapoliwa. Wanamaliza hela yote kwenye rili, halafu uzi wanachukua wowote. Nakwambia ukweli: bora rili ya kawaida na uzi mzuri kuliko rili ya kifahari na uzi wa bure. Samaki hashikani na rili, anashikana na uzi.

Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935 kwenye kampuni ya DuPont, na haikuchukua muda ikawa mishipi ya kuvulia. Faida yake ni bei ndogo, tena inavutika kidogo kama mpira. Kuvutika huko kunamsamehe mtu anayejifunza, kwa sababu samaki akishtuka uzi unanyooka badala ya kukatika. Kwa kambale wa bwawani chukua wa milimita 0.40 hivi, ambao ukiwa wa kweli unabeba kama kilo 10. Kama kuna matete na magogo, panda mpaka 0.50.

Aina nyingine ni uzi wa kusukwa, kama msuko wa nywele. Huu ni mwembamba lakini una nguvu kupita maelezo, ila ni wa bei, haunyumbuki, na ukiuzungushia mkononi samaki akivuta unakata nyama hadi mfupa. Ukiutumia, tanguliza nailoni chini kwenye kibiringo, la sivyo uzi wote utateleza kama mkanda uliolegea.

Hapo hapo kuna ujanja wa kubana matumizi. Kibiringo cha mita 200 hakihitaji mita 200 za uzi mpya. Jaza nusu ya chini uzi wa zamani, nusu ya juu ndiyo weka mpya. Jaza mpaka ibaki kama milimita 2 kufika ukingoni. Ukipunguza sana, hutarusha mbali. Ukizidisha, utafumua matundu ya bure.

Kumbuka pia kwamba kambale hana meno ya mbwa, lakini midomo yake ndani ina vijino vidogovidogo kama msasa. Akivuta dakika kumi anausaga uzi. Funga kipande cha sentimita 50 cha uzi mnene zaidi karibu na ndoano. Waya si lazima.

JARIBIO LA DUMU LA MAJI

Hili nimelipenda kuliko yote, maana halina gharama. Breki ya rili inatakiwa iachie uzi kwenye theluthi moja ya nguvu ya uzi wako. Uzi unabeba kilo 9? Breki iachie kwenye kilo 3. Sasa mizani utaitoa wapi? Lita moja ya maji ni kilo moja! Chukua dumu, weka lita 3, funga uzi kwenye mkono wa dumu, nyanyua taratibu kwa fimbo. Breki ikikataa kabisa kuachia, legeza. Ikiachia kabla dumu halijatoka chini, kaza. Ikianza kuachia palepale dumu linaponyanyuka, umemaliza. Tungelifanya hili uani kwa Meku, ile rili ingekufa palepale nyumbani, na risiti tulikuwa nayo.

Na fundo je? Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe wenyewe kwa wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kijitundu cha karibu na ndoano, lowesha kwa mate, vuta polepole. Hayo mate si uchawi. Nailoni kavu ikisuguana inapata moto na kudhoofika. Pia usianike uzi juani, na kila ukirudi pitisha mita chache za mwisho katikati ya vidole. Ukigusa mkwaruzo, kata kipande hicho.

HUNA HELA YA RILI KABISA?

Usijione mnyonge. Yule mzee aliyemwokoa Meku hakuwa na rili. Alikuwa na mshipi umezungushwa kwenye chupa, chubwi moja na ndoano. Anashika chupa mkono wa kushoto, mdomo wake ameuelekeza majini, anazungusha chubwi kwa mkono wa kulia na kuachia. Uzi unachomoka kwenye chupa vilevile kama kwenye rili ya Illingworth. Chambo chake ni minyoo na utumbo wa kuku. Mpaka alfajiri alikuwa na kambale wanne. Sisi wenye dhahabu tulikuwa na mbu.

Kwa washkaji wa Mwanza na Musoma, najua mtanicheka na kambale wangu. Sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ni habari nyingine. Sangara mkubwa aliyewahi kuandikwa kwenye rekodi za wavuvi wa fimbo alikuwa na kilo 104 na ushee, alivuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Kwa huyo anzia uzi wa kilo 20, na breki isiyo na masihara. Ila wa chini ya sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa, mrudishe.

Na popote ulipo, kabla hujatupa ndoano muone afisa uvuvi wa wilaya. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 uvuvi unahitaji leseni, na kuna vipindi bwawa linafungwa ili samaki wazaane. Vipande vya nailoni usivitupe ufukweni, ndege wanajinyonga navyo. Rudi navyo nyumbani.

Mtauliza Meku yuko wapi. Rejesho la Januari alilipa kwa kuuza simu yake. Mwezi wa tatu alirudi bwawani na chupa, mita 100 za nailoni ya 0.50 na leseni mfukoni. Banda la kuku bado, lakini mkopo umeisha. Ile rili ya dhahabu ameitundika sebuleni. Mgeni akiuliza ni ya nini, anajibu, "Hiyo ndiyo ada yangu ya shule."

Kifaa rahisi kikikuangusha, hasara yake si hela tu. Kinaweza kukuvuta majini gizani. Uzi ukikwama, kata. Samaki yupo kesho, lakini wewe uko mmoja tu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!