MSTARI MTUPU WENYE KAZI KUBWA

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kikikosewa ukurasa mzima wa intaneti hukataa kufunguka. Kitu chenyewe ni mwisho wa mstari.

Zamani, mstari ulipoisha kwenye mashine ya kupiga chapa, kulikuwa na kazi mbili: kurudi mwanzo wa karatasi, kisha kushuka mstari mmoja. Teleprinta zilipokuja, kila kazi ilipewa alama yake, na kompyuta zikazirithi. Katika ASCII, alama ya kurudi ni namba 13, ya kushuka ni namba 10. Shida ni kwamba mifumo haikukubaliana. Linux hutumia 10 peke yake, Windows hutumia zote mbili. Nayo HTTP, lugha ya seva na kivinjari, hutaka 13 ikifuatwa na 10.

Sasa, tuseme skripti yako iko kwenye Linux. Seva ikiiita, kwanza inatoa vichwa, yaani mistari ya maelezo kama "Content-Type: text/html", halafu mstari mtupu, kisha ukurasa wenyewe. Lakini mistari ya vichwa imeishia kwa 10 tu! Je, itakataliwa? La, hasha! CGI, ambayo ni mapatano ya seva na skripti, iliandikwa katika RFC 3875 mwaka 2004. Inakubali namna zote mbili, na kuiamuru seva igeuze vichwa viwe vya HTTP. Kwa hivyo seva ni mkalimani.

Hata hivyo, mkalimani si mpiga ramli. Ukiacha ule mstari mtupu, seva haitajua vichwa vinaishia wapi. Itausoma ukurasa kama kichwa, ishindwe kuuelewa, na kwa kawaida mgeni wako ataletewa kosa namba 500.

Kuna hatari kubwa zaidi. Skripti ikichukua maneno ya mgeni na kuyatia ndani ya kichwa bila kuyakagua, mwenye nia mbaya anaweza kuficha alama 10 humo. Seva itaona mstari mpya na kudhani ni kichwa halali. Hapo mgeni anatoa amri katika nyumba yako! Dawa ni moja: kataa maneno yoyote yenye alama 13 au 10 kabla hayajaingia kwenye kichwa.

Ndugu zangu, alama hizi ni ndogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.