Mtoto raia wa Marekani na hatima ya wazazi wake

Wapo wazazi kutoka Kilungu, Makueni, wanaoishi Marekani bila kibali wakimtumainia mtoto wao aliye raia wa nchi hiyo. Sheria humruhusu kuwaombea ukaazi wa kudumu akishatimiza miaka 21.

Mzazi aliyeingia kwa viza, kisha muda wake ukapita, kwa kawaida huweza kukamilisha ombi bila kuondoka nchini humo. Aliyepenya mpakani kwa siri kwa kawaida hawezi.

Hatari kubwa ni safari. Kwa sheria ya mwaka 1996, aliyekaa mwaka mmoja au zaidi bila kibali akitoka, hata kwenda mazishini Kilungu, huzuiwa kurejea kwa miaka 10. Katika kuomba msamaha, dhiki ya mtoto haihesabiwi. Huangaliwa dhiki ya mume, mke au mzazi wake aliye raia au mkaazi halali.