Uchaguzi wa Kioo Chenye Nuru Zaidi katika Kamera Kubwa

Kamera kubwa ni ile inayotumia filamu moja moja, ya inchi 4 kwa 5 au zaidi. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, akaitazama taswira kwenye kioo cha nyuma, nayo huonekana imepinduka juu chini. Uso mmoja wa kioo hicho umesagwa ili uipokee nuru na kuitawanya. Wengi hulalamika kwamba taswira ni hafifu, wakatafuta kioo king'avu zaidi. Makala haya yanaeleza namna ya kukichagua.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba hakuna kioo kinachoongeza nuru. Nuru yote huingia kwa lenzi: lenzi ya f/5.6 hupitisha maradufu ya ile ya f/8. Kazi ya kioo ni kuigawa tu. Pembe za taswira huwa na giza kwa sababu miale yake hufika kwa mshazari na kulikosa jicho, hasa kwa lenzi fupi kama ile ya milimita 90.

Njia ya kwanza ni kioo kilichosagwa kwa ulaini zaidi. Hicho hung'aa, lakini hutawanya nuru kidogo, hata doa jeupe likatokea katikati. Kikizidi ulaini, jicho huiona taswira ikielea hewani, likajirekebisha lenyewe; mpiga picha akadhani picha ni kali, kumbe sivyo.

Njia ya pili ni lenzi ya Fresnel, iitwayo kwa jina la Mfaransa Augustin Fresnel, aliyeibuni kwa minara ya taa katika miaka ya 1820. Katika kamera ni bamba la plastiki lenye mifereji ya duara, linaloipinda miale ya pembeni ielekee jichoni. Hasara yake ni kwamba mifereji huonekana chini ya kioo cha kukuzia.

Mahali pa bamba hilo ndipo penye hatari. Likiwekwa nyuma ya kioo, upande wa mpiga picha, fokasi haibadiliki. Likiwekwa kati ya lenzi na kioo, fokasi husogea nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake: bamba la milimita 1.5 huleta kosa la nusu milimita. Kioo kisiporekebishwa, filamu haitakaa pale jicho lilipoona ukali, na hasara hiyo hugunduliwa baada ya filamu kusafishwa. Vivyo hivyo, kamera iliyoundwa na bamba upande wa lenzi huharibika kipimo likiondolewa.

Kwa hiyo kila kioo kipya kijaribiwe. Rula ilazwe kwa mshazari, fokasi iwekwe kwenye alama moja, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha picha ipigwe. Ikiwa alama nyingine ndiyo iliyo kali kwenye filamu, kioo hakijakaa mahali pake.

Kwa lenzi ya f/5.6 na kazi ya nje, kioo cha kawaida na kitambaa kizito hutosha. Kwa lenzi fupi au chumba chenye giza, bamba la Fresnel nyuma ya kioo ndilo chaguo la salama.