"Credit": Neno Moja, Maana Nne kwa Simu Yako

Saa mbili usiku, ujumbe unaingia: akaunti yako imekuwa "credited" Sh3,000. Kabla hujamaliza kusoma, mtu anapiga. "Mama, samahani sana, nimekutumia pesa kimakosa. Nirudishie tafadhali, ni za dawa ya mtoto."

Ungefanya nini? Ngoja kwanza tuliangalie hilo neno, maana kwa simu yako lina kazi nne.

1. Kredo ya kupiga simu
Hii tunaijua tangu enzi za kukwangua kadi. Unanunua kredo, unapiga simu, ikibaki unamsambazia ndugu yako. Umeshailipia, kwa hivyo ni mali yako. Ila kama ni kredo ya kukopa, utakatwa ukiweka nyingine.

2. Pesa iliyoingia
Ukiitisha stetimenti ya benki, "credit" ni pesa iliyoingia na "debit" ni iliyotoka. Hapa ndipo wengi hushtuka, wakidhani wameandikiwa mkopo. La. Mshahara wako ukiingia, unaandikwa chini ya "credit".

3. Mkopo
Hapa maana inageuka kabisa. "Credit limit" ni kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa. Tuseme una Sh200 na limit yako ni Sh5,000. Usijihesabie Sh5,200. Pesa yako ni Sh200 tu. Ukilipa bili ya stima ya Sh1,200, hiyo Sh1,000 iliyoongezwa ni deni, na ada yake iko njiani.

4. Jina lako
Watu husema "fulani ameingia CRB" kana kwamba huko ni jela ya wenye madeni. Kumbe kampuni hizo, zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, huweka rekodi nzuri na mbaya. Anayelipa kwa wakati pia yuko huko, na rekodi hiyo humsaidia akiomba mkopo mwingine. Una haki ya kupata ripoti yako moja bila malipo kila mwaka. Iitishe uone kilichoandikwa.

Maana hizi zote zina mzizi mmoja. Neno hili lilitoka kwa Kilatini, *credere*, yaani kuamini. Anayekukopesha anaamini utalipa. Na tapeli naye anategemea hilo hilo: kwamba utaamini.

Sasa turudi kwa yule anayengoja kwa simu. Mtu yeyote anaweza kuandika "credited" kwa SMS ya kawaida. Kwa hivyo:

- Kata simu kwanza. Hata kama analia.
- Angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu ya simu, si kupitia ujumbe aliokutumia.
- Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Ukimtumia, unatoa zako.
- Kama kweli limeongezeka, usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja, muamala urudishwe kwa njia rasmi. Wewe usizitumie hizo pesa.
- Usimpe mtu PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Mwenye shida ya kweli atakubali kufuata utaratibu. Tapeli ndiye hukuharakisha, kwa sababu anajua ukiangalia salio tu, hadithi yake imeisha.